Ipi Dini, na Upi Upotofu?

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya haya. Ndugu Waislamu, jioni moja baada ya darsa yetu hapa Chepseon alitujia jirani yetu mmoja, mkulima wa chai, ambaye si Mwislamu. Alingoja nje mpaka tulipofunga vitabu, kisha akaingia, akavua kofia, akasema: "Ustadh, nimekuja na swali ambalo nikiliuliza kanisani kwetu nitaambiwa naleta fitina." Akatueleza ya kuwa dada yake amejiunga na kundi jipya linalosali mlimani. Ameuza ng'ombe wake wa maziwa, na fedha akampa mhubiri. Amewatoa watoto wake wawili shuleni. Yule mdogo anaugua kifua, na mama hataki apelekwe hospitali, maana ameambiwa kwamba mwenye kumeza dawa amemkana Mungu. Kaka alipomkanya, dada akamjibu: "Hii ni dini yangu, kama ile yako ilivyo dini yako. Nani amekufanya wewe kuwa hakimu?"

Basi jirani akatuuliza: je, hiyo ni dini, au ni kundi la upotofu? Na yeye anayo haki ya kuingilia?

Kwa khabari ya mtoto tulimjibu usiku ule ule, na jibu hilo tutalitaja mwisho. Lakini lile swali lake kubwa tulilichukua darsani, tukalizungumza kwa majuma kadhaa, na haya ndiyo tuliyoyaona.

Sote hapa twaijua mizani ya kituo cha chai. Mkulima hufika na majani yake, karani huyatundika, na kilo zisomekazo ndizo ziandikwazo. Lau karani angekuwa na mizani mbili, moja ya jamaa zake na moja ya watu baki, kituo chote kingesimama. Mwenyezi Mungu ameteremsha sura nzima, Suratul Mutaffifin, inayoanza kwa kuwaonya wale wanaotaka wajaziwe barabara wanapopimiwa, na wao wanapowapimia wenzao hupunguza. Wengi wetu huisoma sura hiyo tukadhani ni khabari ya unga na sukari tu. Lakini imani za watu nazo hupimwa, na mwenye kupunja katika kipimo hicho ni mpunjaji vile vile. Basi sharti la kwanza ni hili: kipimo tusichokubali kupimwa nacho sisi, tusimpimie nacho dada wa jirani yetu.

Wako wasemao kwamba kundi ni potofu kwa kuwa ni jipya na watu wake ni wachache. Tukikubali kipimo hicho, wa kwanza kuanguka ni sisi. Mtume (S.A.W.) alipoanza kulingania Makka kiasi cha mwaka 610, waliomwitikia mwanzo walihesabika kwa vidole: Bibi Khadija, Ali, Zaid na Abubakar. Makureshi walisema jambo lake ni geni, wazee wao hawakulijua. Wakamwita mchawi, wakamwita mwenda wazimu. Na hapa Chepseon leo, penye makanisa mengi, sisi ndio wachache, na watoto wetu huulizwa shuleni kwa nini wazazi wao huinama mpaka chini.

Wengine husema kundi ni potofu kwa kuwa mambo yao ni ya ajabu: mavazi yao, kufunga kwao, kukesha kwao. Ndugu zangu, mtu asiyeujua Uislamu akituona twashinda mwezi mzima bila ya kula wala kunywa mchana, ataona nini kama si ajabu? Ugeni wa jambo ni khabari ya macho ya mtazamaji, si khabari ya jambo lenyewe.

Na wengine husema: tuiachie serikali, itakachokikataza ndicho upotofu. Nchi hii yetu ya Kericho inao ushahidi dhidi ya kauli hiyo. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaondoa Orkoiik, waonaji wa ukoo wa Talai miongoni mwa Wakipsigis. Mamia ya watu walikusanywa, wanaume na wanawake na watoto, wakahamishiwa Gwassi kando ya Ziwa Victoria, mahali pa mbung'o na homa. Waliitwa wachawi na wachochezi. Sisi hatuukubali uaguzi, Mtume (S.A.W.) ametukataza kuwaendea makuhani na kuwasadiki. Walakini kosa kubwa la watu wale machoni pa Mwingereza halikuwa uaguzi. Lilikuwa ni kwamba watu waliwasikiliza wao kuliko walivyomsikiliza yeye. Na mtoto mchanga aliyebebwa mgongoni mpaka Gwassi alikuwa ameagua nini? Kadhalika Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa, kule Bungoma, alifungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari miaka ya 1940, na dini yake ikapigwa marufuku mwaka 1948. Mtu aweza kuyakataa mafundisho yake yote, na bado akaona kwamba mtawala alikuwa akitetea kiti chake, si akili za watu. Katika Suratul Maida, aya ya 8, Mwenyezi Mungu ametuamrisha kwamba kuwachukia watu kusitupeleke tukaacha uadilifu.

Je, basi tuseme kila mtu na lake, nasi tunyamaze? La, hasha.

Mwezi wa Aprili 2023 makaburi yalianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Miili iliyotolewa huko ilipita 400, na wengi katika hao walikuwa watoto. Khabari zilizotolewa ni kwamba walikuwa wafuasi wa kanisa la Good News International, lililoanzishwa na Paul Mackenzie mwaka 2003, na kwamba walihimizwa kufunga mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Madaktari waliopima miili walikuta dalili za njaa, na katika baadhi yake dalili za kunyongwa na za kupigwa. Mapema mwaka 2024 Mackenzie na wenziwe walishtakiwa kwa mauaji, wakakana. Hukumu ya mtu ni kazi ya mahakama, si ya jarida letu dogo. Lakini makaburi yalikuwako, na watoto walikuwamo.

Wala hilo si la kwanza. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, Uganda, mamia ya wafuasi wa kundi lililojiita la kurejesha Amri Kumi za Mungu waliteketea ndani ya jengo lililofungwa milango na madirisha. Walikuwa wameuza mali zao wakingoja mwisho wa dunia, na siku waliyoahidiwa ilikuwa imepita bila ya kitu. Na mbali kidogo, tarehe 18 Novemba 1978, katika msitu wa Guyana, zaidi ya watu 900 waliomfuata Mmarekani aitwaye Jim Jones walikufa kwa sumu, na watoto ndio waliotangulizwa kunyweshwa.

Msidhani wote hao walikuwa wajinga. Walikuwamo waliosoma, walikuwamo wenye kazi zao. Hapana hata mmoja aliyekwenda kujiunga na kundi la upotofu. Kila mmoja alikwenda kumtafuta Mungu. Ndiyo maana swali la jirani yetu si swali la kucheka.

Basi kipimo ni kipi? Wanachuoni wetu, kama Imamu Ghazali aliyefariki mwaka 1111 na Imamu Shatibi aliyefariki mwaka 1388, waliitazama sheria nzima, amri zake na makatazo yake, wakaona inalinda mambo matano: dini ya mtu, nafsi yake, akili yake, kizazi chake na mali yake. Twaona hapa pana mizani iliyo sawa kwa wote. Hatumwulizi mtu jina la dini yake, wala idadi ya wenziwe. Twauliza: mafundisho haya yanamfanya nini mwanadamu katika haya matano?

Tuanze na nafsi. Kufunga ni ibada kwetu na kwa Wakristo pia. Lakini tazama namna Mtume (S.A.W.) alivyoiwekea mipaka. Alikataza kuunganisha saumu usiku na mchana bila ya kufuturu. Mgonjwa na msafiri Qurani imewapa rukhsa ya kula. Walipokuja watu watatu, mmoja akaazimia kusali usiku kucha, wa pili kufunga daima, wa tatu kutooa kabisa, Mtume aliwaambia kwamba yeye ndiye amchaye Mungu kuliko wao, naye hufunga na hula, husali na hulala, na huoa. Na mwenye kuiacha njia yake si katika watu wake. Angalieni jambo hili: mtu akizidisha ibada, sisi humsifu; Mtume alimrudisha. Katika Suratun Nisaa, aya ya 29, tumekatazwa kuziua nafsi zetu. Basi mafundisho yanayofanya kifo cha njaa kuwa daraja ya kumfikia Mungu yamekwisha kujihukumu yenyewe.

Pili ni akili. Suratul Israa, aya ya 36, inatukataza kufuata jambo tusilolijua, kwa kuwa masikio na macho na moyo vyote vitaulizwa. Mwalimu wa kweli hufurahi akiulizwa dalili. Mwalimu wa upotofu hulifanya swali kuwa dhambi, na mwenye kuuliza kuwa shetani. Na khasa muwe na hadhari na anayejua tarehe ya Kiama. Mtume mwenyewe alipoulizwa Saa itakuwa lini, aliamrishwa ajibu kwamba ujuzi wake uko kwa Mola wake tu. Basi huyu wa leo ameupata wapi?

Tatu ni kizazi. Dini hukukurubisha na jamaa zako hata wakiwa si wa dini yako. Suratu Luqman imetuamrisha kukaa kwa wema na wazazi hata wakiwa washirikina. Kundi la upotofu huanza kwa kukata: usiseme na kaka yako, usile kwa mama yako, mume wako si mume wako. Na mtoto hutolewa shuleni kabla hajajua kusoma, asije akasoma kisichotakiwa.

Nne ni mali. Katika Suratush Shu'araa Mitume watano, mmoja baada ya mmoja, waliwaambia watu wao kwamba hawawaombi ujira, ujira wao uko kwa Mola wa ulimwengu. Sadaka hutoka kwa tajiri kwenda kwa masikini. Ukiona ng'ombe wa mjane anatoka zizini na anayenenepa ni mhubiri, mto huo unapanda mlima.

Tano ni dini yenyewe, nayo ni kubwa kuliko zote. Adiy bin Hatim alikuwa Mkristo kabla ya kusilimu. Aliposikia aya isemayo kuwa watu wa zamani waliwafanya wanachuoni wao na watawa wao kuwa miungu, alisema kwamba hawakuwa wakiwaabudu. Mtume (S.A.W.) akamwuliza: je, hawakuwa wakihalalisha lililoharamishwa na kuharamisha lililohalalishwa, nanyi mkawafuata? Alipokubali, akaambiwa ya kwamba huko ndiko kuwaabudu. Basi dini humwelekeza mtu kwa Mungu, na mwalimu husimama kando. Upotofu humwelekeza kwa mwalimu, na Mungu huwa jina tu.

Na yote haya yamekusanyika katika kisa kimoja kilichopokewa na Bukhari na Muslim. Mtume (S.A.W.) alipeleka kikosi, akakiwekea amiri, akawaamuru watu wamtii. Njiani amiri akakasirika. Akawaamrisha wakusanye kuni, wakakusanya. Akawaamrisha wawashe moto, wakawasha. Kisha akawaamrisha waingie ndani. Baadhi yao walitaka kuingia, maana waliamrishwa kumtii. Wengine wakazuiana, wakisema kwamba wao walimkimbilia Mtume ili waokoke na moto; vipi tena wauingie? Wakabaki hivyo mpaka hasira ya amiri ikapoa na moto ukazimika. Khabari ilipomfikia Mtume, alisema kwamba lau wangaliuingia, wasingalitoka humo mpaka siku ya Kiama. Utiifu ni katika jambo jema tu.

Fikirini, ndugu zangu. Amiri yule aliwekwa na Mtume mwenyewe. Hapana mhubiri wa leo, wala sheikh wa leo, mwenye hati kama ile. Na bado alipoamrisha moto, haki ilikuwa upande wa waliokataa. Lau pangalikuwa na watu kumi wa namna ile Kanungu, na kumi Shakahola, waliosimama wakauliza vipi, pengine leo tungekuwa na khabari nyingine ya kusimulia.

Sasa tumekwisha kumpimia jirani. Na sisi tupande mizanini. Je, Waislamu hatuna upotofu? Makhawarij walikuwa watu wa Qurani, wenye sugu za sijda katika vipaji vya nyuso. Mmoja wao aliitema tende aliyoiokota chini ya mtende, kwa kuwa hakumlipa mwenyewe. Na watu hao hao walimchinja Abdullah bin Khabbab, mtoto wa sahaba, pamoja na mke wake aliyekuwa mja mzito. Mwaka 661 mmoja wao alimwua Sayyidna Ali, aliyekuwa akienda kusali Alfajiri. Na katika nchi yetu hii, tarehe 2 Aprili 2015, vijana waliotaja jina la Mwenyezi Mungu waliwaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi, wakimwuliza mtu dini yake kwanza. Hao nao walikuwa na amiri aliyewaambia waingie motoni, wakaingia, wakawatia na wenzao.

Na si bunduki tu. Yuko miongoni mwetu anayemwambia mgonjwa wa sukari aache dawa anywe kombe. Yuko anayemdai mama masikini mbuzi mweusi kwa ajili ya jini. Yuko anayemwambia mwanafunzi kwamba kumwuliza sheikh ni utovu wa adabu. Tukinyamaza kwa hao kwa kuwa wamevaa kanzu, tukamkemea mhubiri wa mlimani kwa kuwa hakuivaa, sisi ndio tuliotajwa mwanzo wa Suratul Mutaffifin. Abubakar Siddiq (R.A.) aliposhika ukhalifa aliwaambia watu wamsaidie akifanya vyema, na wamnyoshe akipotoka. Katika darsa yetu pia iwe hivyo: kitabu kiwe wazi, na mdogo wetu awe na haki ya kumwuliza mkubwa wetu, dalili iko wapi?

Turudi kwa jirani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 32, inampa kila mtu uhuru wa imani, na Qurani imekwisha kusema kwamba hapana kulazimishana katika dini. Basi tulimwambia: dada yako ni mtu mzima, akitaka kusali mlimani, akitaka kufunga, akitaka hata kutoa ng'ombe wake, utamshauri lakini hutamfunga kamba. Usimtukane, wala usimwite mpotofu mbele ya watoto wake. Watu wa makundi haya huambiwa kwamba jamaa zao watawachukia. Kila tusi lako litamsadikisha mhubiri. Lakini watoto hawakuchagua. Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 53, inampa mtoto haki ya chakula, ya matibabu na ya shule. Mtoto anayekohoa hangoji majadiliano ya dini. Nenda asubuhi, na mama yake akikataa, nenda kwa chifu na kwa afisa wa watoto. Huko si kuingilia dini ya mtu. Ni kuitoa nafsi motoni.

Akauliza: "Na lile swali langu, ni dini au si dini?"

Tukamjibu: mwulize dada yako maswali matatu, kwa upole, mkiwa wawili tu. Je, unaweza kumwuliza mhubiri wako dalili, asikasirike? Je, yeye anafunga kama anavyokufungisha wewe? Na ukitaka kuondoka kesho, mlango uko wazi? Usimjibie. Mwache ajijibu mwenyewe usiku akiwa peke yake.

Mtoto alipelekwa hospitali, akatibiwa. Dada angali anapanda mlimani. Na kaka yake kila Jumapili humpelekea kibuyu cha mursik, humkalisha, huzungumza naye khabari za shamba na za marehemu mama yao, kisha humuaga. Mlango wa upande wake hajaufunga.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe haki tuione kuwa ni haki, utujaalie kuifuata. Na utuonyeshe batili tuione kuwa ni batili, utujaalie kuiepuka, ikiwa ni ya wenzetu au ikiwa ni yetu. Amin.